UZI: Mitaa na barabara za Dar es Salaam – majina yalikotoka, njia zinavyopita na mahali wageni wanapopotea

MchoraRamani
Wakuu, heshima kwenu. Tuweke humu yale ya mitaa ya Dar ambayo ramani ya simu haikuambii. Mwenye cha uhakika aweke. Porojo za "niliambiwa" tuziache kule jukwaa la vichekesho.

Naanza na umbo la jiji, maana bila hilo mengine hayakai kichwani. Barabara kuu zinazotoka katikati ya mji ni nne: Kilwa inaelekea kusini, Nyerere (zamani Pugu Road) inaelekea uwanja wa ndege, Morogoro inaelekea magharibi, na Ali Hassan Mwinyi inakwenda kaskazini ambako mbele inageuka kuwa Bagamoyo. Hizo nne zinakatwa na mikanda mitatu:

– Wa ndani ni Bibi Titi Mohamed, unaozunguka katikati ya mji.
– Wa kati ni Kawawa: Morocco, Kinondoni, Magomeni, Kigogo, Ilala Boma, unamalizikia Nyerere Road pale Veta Chang'ombe.
– Wa nje ni Sam Nujoma kutoka Mwenge hadi Ubungo, halafu unaendelea kwa jina la Mandela: Tabata, Buguruni, Tazara, hadi bandarini.

Ukishika hiyo, hupotei. Mtu wa Mwenge anayekwenda Temeke hana sababu ya kuingia Posta: anashuka na Sam Nujoma, anapita Ubungo, anafuata Mandela. Mandela yenyewe zamani iliitwa Port Access, na jina lile lilieleza kazi yake: kutoa malori bandarini na kuyafikisha Morogoro Road bila kupitisha tani za mizigo katikati ya mji. Ndiyo maana mpaka leo hiyo ndiyo barabara ya malori, na foleni yake haifuati saa za wafanyakazi wa ofisini kama ya Ali Hassan Mwinyi. Meli zikishusha mizigo, hata usiku utakwama Buguruni.

MzeeKichwele
Mkuu umefungua vizuri. Mimi niweke majina.

Samora Avenue imebadilishwa jina na kila mtawala aliyepita. Mjerumani aliita Unter den Akazien, Mwingereza akaiita Acacia Avenue, tulipopata uhuru ikawa Independence Avenue, baadaye ikapewa jina la Samora Machel. Barabara ile ile, majina manne. Nyingine hizi:

Sokoine Drive – kwa Mjerumani ilikuwa Kaiserstrasse, kisha City Drive, kisha ikapewa jina la Edward Sokoine, Waziri Mkuu aliyefariki kwa ajali ya gari tarehe 12 Aprili 1984.
Kivukoni Front – zamani Azania Front. Jina limehama barabarani ila limebaki kanisani. Ndiyo maana mgeni anatafuta "barabara ya Azania" karibu na kanisa la Kilutheri na haioni.
Uhuru – zamani Kichwele Street.
Lumumba – zamani New Street. TANU ilizaliwa hapo tarehe 7 Julai 1954, na ukisikia wanasiasa wanasema "Lumumba wameamua" wanamaanisha ofisi ya CCM iliyopo mtaa huo huo.
Bibi Titi Mohamed – zamani UWT, yaani Umoja wa Wanawake.
Barack Obama Drive – Ocean Road mpaka Julai 2013, alipokuja Rais wa Marekani. Hospitali ya saratani imebaki na jina la Ocean Road, kwa hiyo ukimwambia dereva "Ocean Road" wengi watakupeleka hospitalini, si ufukweni.
Mwai Kibaki – Old Bagamoyo Road, ile ya Mikocheni kwenda Kawe.

Utaona pia kundi zima la viongozi wa Afrika: Nkrumah, Azikiwe, Lumumba, Luthuli, Sekou Toure, Haile Selassie, Kenyatta, Kaunda, Nujoma, Mandela, Samora. Hiyo si bahati nasibu. Kamati ya Ukombozi ya OAU, umoja wa nchi za Afrika wa wakati ule, ilikuwa na makao yake Dar tangu 1963 hadi 1994, na FRELIMO, chama cha ukombozi cha Msumbiji, kiliundwa humu humu tarehe 25 Juni 1962. Ofisi ya FRELIMO ilikuwa Mtaa wa Nkrumah. Kwa hiyo baadhi ya wenye majina hayo walizijua barabara zetu kwa miguu yao.

Mgeni_Mbezi
Wakuu mnifafanulie jambo moja. Naambiwa "tukutane Posta". Konda naye anauliza Mpya au ya Zamani. Kuna tofauti ya maana au ni mbwembwe tu?

KondaMstaafu
Tofauti ipo ndugu yangu, na ukikosea unatembea. Posta ya Zamani iko Sokoine Drive, upande wa bandari. Posta Mpya iko Azikiwe, unapanda kutoka baharini, unavuka Samora pale penye sanamu ya Askari, unaendelea mbele. Siyo mbali, lakini kwa jua la Januari na mzigo kichwani utajuta. Mwendokasi ya Kivukoni inapita Posta ya Zamani, haipiti Posta Mpya.

Kingine kinachopoteza watu ni barabara kubadilika jina njiani bila kona yoyote. Azikiwe hiyo hiyo ukiifuata kuelekea Maktaba Kuu utaikuta inaitwa Maktaba Street. Nkrumah ukivuka Gerezani kuelekea Kamata inakuwa Nyerere. Ile ya Morocco hadi Mwenge ndiyo mbaya zaidi: ofisi moja inaandika Ali Hassan Mwinyi Road, jirani yake anaandika New Bagamoyo Road, na wote wako upande mmoja wa barabara. Ukiandikiwa anwani ya pale, usihangaike na jina la barabara, uliza kituo: Victoria, Makumbusho au Bamaga?

Maana Dar inakwenda kwa vituo, haiendi kwa mitaa. Na majina ya vituo mengi waliyatoa makonda na abiria wao, halmashauri ikafuata nyuma. Mradi wa mabasi ya mwendokasi ulipoanza Mei 2016 ilibidi vituo viandikwe ubao rasmi, na wakaandika yale yale ya daladala: Fire, Jangwani, Magomeni Mapipa, Usalama, Mwembechai, Kagera, Argentina, Tip Top, Manzese, Urafiki, Shekilango, kisha huko juu Kibo, Kona, Baruti, Bucha, Korogwe. Urafiki ni kiwanda cha nguo kilichojengwa kwa msaada wa China miaka ya 1960. Mapipa, Bucha, Kona, hayo yanajieleza.

BintiGerezani
KondaMstaafu umenikumbusha Ubungo. Vituo vya Dar vinaendelea kuitwa kwa kitu ambacho hakipo tena. Watu bado wanasema Ubungo Mataa wakati mataa yale ya foleni yameondoka, pamejengwa barabara za ghorofa tatu zilizofunguliwa Februari 2021 na kupewa jina la Balozi John Kijazi, aliyekuwa Katibu Mkuu Kiongozi. Mabasi ya mikoani nayo yamehama Ubungo mwaka huo huo kwenda Mbezi Luis. Jamaa anayetoka mkoani akiwaambia ndugu zake "nipokeeni Ubungo" watamsubiri sehemu yenye jina la stendi lakini basi lake halifiki hapo. Mwambieni atamke Mbezi, au Magufuli Stendi.

Tazara ni vilevile. Daraja la juu lililofunguliwa Septemba 2018 linaitwa Mfugale, kwa jina la mhandisi Patrick Mfugale wa TANROADS, wakala wa barabara kuu. Kwenye matangazo ya barabarani utasoma Mfugale. Kwenye daladala utasikia Tazara tu.

Na kwa wasiozaliwa Dar: mzunguko wa barabara hapa ni kipilefti, kituo cha mafuta ni sheli hata kama kampuni ni nyingine kabisa, na Selander ni Salenda. Daraja lile liliitwa kwa jina la Selander, bosi wa kazi za umma wakati wa Mwingereza. Ukitamka kama lilivyoandikwa hakuna dereva wa bajaji atakayekuelewa.

Pwani_Huru
Hapo Samora penye Askari, ile sanamu si ya askari wa Mjerumani? Ndivyo tulivyofundishwa.

MzeeKichwele
Hapana mkuu, unachanganya sanamu mbili zilizosimama sehemu moja. Ya kwanza ilikuwa ya Hermann von Wissmann, gavana wa Kijerumani. Waingereza waliuteka mji tarehe 4 Septemba 1916 na kuiondoa. Ilipelekwa Ujerumani, ikasimamishwa Chuo Kikuu cha Hamburg, na wanafunzi wakaiangusha mwaka 1968.

Hii ya sasa ni ya shaba, iliwekwa 1927, na ni ya askari Mwafrika aliyepigana upande wa Mwingereza katika Vita Kuu ya Kwanza. Mchongaji ni James Alexander Stevenson. Nairobi na Mombasa zina ndugu zake za wakati ule ule, ila Nairobi wamesimama watatu, wetu yuko peke yake na bunduki yenye singe iliyoelekezwa bandarini.

Ukipita pale usiishie kupiga picha ya juu, sogelea msingi. Maandishi yamo kwa namna tatu: Kiingereza, Kiswahili cha herufi za Kirumi, na Kiswahili cha herufi za Kiarabu. Mwaka 1927 msomaji wa kawaida wa pwani alisoma hizo za tatu. Ya Kiingereza yaliandikwa na Rudyard Kipling.

MchoraRamani
Na hapo hapo tuingie Kariakoo, kwa sababu ni vita hiyo hiyo. Jina linatokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Mwingereza, waliowekwa eneo lile baada ya mji kutekwa. Wapagazi walikufa wengi kuliko askari, zaidi kwa maradhi na njaa.

Sasa angalieni majina ya mitaa ya pale. Yanakwenda kwa makundi:

Sehemu za mapigano – Narung'ombe (palipiganwa 19 Julai 1917), Mahiwa (15 hadi 18 Oktoba 1917), Tandamti, kilima cha karibu na Lindi. Mfanyabiashara anapanga mabegi Narung'ombe hajui kwamba ni jina la uwanja wa vita huko Lindi.
Visiwa – Pemba, Mafia, Likoma.
Makabila na mataifa – Nyamwezi, Swahili, Somali, Congo.
Watu – Livingstone, halafu Aggrey. Huyu ni James Aggrey, msomi wa Gold Coast, yaani Ghana ya leo, aliyepita Tanganyika 1924 na tume ya elimu ya Phelps-Stokes.

Baadaye wakaanza kuingia wenyeji wenyewe: Mtaa wa Kipata sasa ni Kleist Sykes, katibu mwanzilishi wa African Association ya 1929. Upande wa Kisutu kuna Kaluta, yaani Sheikh Kaluta Amri Abeid, Mwafrika wa kwanza kuwa meya wa Dar, mwaka 1960.

Kwa mnunuzi wa jumla: nguo anzia Congo na Mchikichi, simu na vifaa vyake Aggrey, vipuri vya magari shuka Gerezani, dhahabu toka kabisa Kariakoo uende kwa masonara wa Indira Gandhi. Samani ni Keko. Usimwambie bodaboda "Kariakoo" peke yake, atakushusha Msimbazi penye msongamano kuliko kote. Taja mtaa na mtaa unaokatana nao, kwa mfano "Aggrey na Likoma". Pale mitaa imenyooka na inakatana kama daftari la hesabu, kwa hiyo majina mawili yanatosha kukufikisha mlangoni.

BintiGerezani
Naongezea Mnazi Mmoja. Wengi wanadhani ni kiwanja kilichosalimika tu kwa bahati. Siyo. Mjerumani aligawa mji mafungu matatu: la kwanza la Wazungu upande wa bahari ya kaskazini mashariki, la pili la biashara, ambako Wahindi walikuwa wengi, la tatu la Waafrika, yaani Kariakoo na kuendelea. Kati ya la pili na la tatu ikapangwa nafasi tupu, kwa kisingizio cha afya, ili watu wasikae karibu. Mwingereza akaendeleza mpango huo, akabomoa vibanda vilivyokuwamo. Hiyo nafasi ndiyo Mnazi Mmoja: simama katikati, Bibi Titi iko upande wa mjini, Lumumba upande wa Kariakoo. Ukivuka kwa miguu kutoka Lumumba hadi Bibi Titi umevuka mpaka wa ubaguzi mzima kwa dakika chache. Halafu TANU wakapageuza kuwa uwanja wa mikutano.

Uzunguni, uhindini na uswahilini tunayotamka leo ni mafungu hayo hayo matatu.

Tope_la_Masika
Wakuu, kwa nini Jangwani inafunga kila masika? Barabara imejengwa kwa lami nzito, mwendokasi inapita, lakini mvua ya usiku mmoja tu Magomeni inakatwa na mji.

FundiLevo
Swali zuri, na jibu lake ni mto, siyo lami. Msimbazi unaanzia vilima vya Pugu na Kisarawe, unapita Vingunguti, Tabata, Kigogo, Jangwani, na kumwaga baharini pale Salenda. Kila barabara ya kutoka magharibi au kaskazini kuingia mjini lazima iuvuke. Hesabu sehemu za kuvukia kutoka mdomoni kwenda juu: madaraja ya Tanzanite na Salenda, Morogoro Road pale Jangwani, Kawawa pale Kigogo, kisha Mandela. Basi.

Jangwani ni bonde pana na tambarare. Mambo matatu hukutana hapo. Moja, maji yanashuka kwa kasi kutoka vilimani kwa sababu huko juu kumejengwa na ardhi hainywi tena. Pili, mto unabeba mchanga mwingi, na ukifika tambarare unapunguza kasi na kuutua, kwa hiyo kitako cha mto kinapanda na nafasi chini ya daraja inapungua. Hata ukichimba, mvua kubwa inayofuata inarudisha. Tatu, bahari ikijaa, maji ya mto yanakosa pa kutokea na kurudi nyuma. Mvua kubwa ikiangukia saa ya maji kujaa, Jangwani inageuka ziwa. Karakana ya mabasi ya mwendokasi iliwekwa humo humo bondeni, na mabasi yameharibika zaidi ya mara moja.

Ukikuta imefungwa na uko Magomeni, fanya hivi:
1. Kama maji hayajapanda Mkwajuni, chukua Kawawa kwenda Kinondoni hadi Morocco, ingia Ali Hassan Mwinyi, vuka Salenda. Mkwajuni nayo ni ya kuangalia, kuna Mto Ng'ombe unaomwaga Msimbazi.
2. Ukiwa Masaki au Oysterbay, tumia Tanzanite. Lina urefu wa kilomita 1.03, lilifunguliwa 2022, linakutoa Coco Beach hadi Aga Khan bila kugusa Salenda.
3. Kama uko Ubungo au mbele yake, usishuke kabisa Magomeni. Mandela hadi Buguruni, halafu Uhuru, au endelea Tazara uchukue Nyerere.
Kigogo usiitegemee, Jangwani ikifunga, Kigogo mara nyingi nayo imejaa.

Mgeni_Mbezi
Asante FundiLevo. Na hizi namba za nyumba zilizobandikwa 2022 kabla ya sensa, zinafanya kazi kweli?

MchoraRamani
Zinafanya, ukijua kuzisoma. Anwani kamili ina namba ya nyumba, jina la barabara, kata na postikodi ya tarakimu tano. Namba witiri ziko upande mmoja wa njia, shufwa upande wa pili. Postikodi zote za Dar zinaanza na 1: katikati ya mji ni 11, Ilala iliyobaki 12, Kinondoni 14, Temeke 15, Ubungo 16, Kigamboni 17. Tarakimu zinazofuata ndizo za kata. Kwa hiyo mtu akikuandikia "Sinza 14xxx" ujue kuna kosa, Sinza iko Ubungo.

Tatizo liko kwenye majina. Wakati wa zoezi kila uchochoro ulitakiwa uwe na jina, wakazi wakapendekeza, na majina yanayopendwa yakajirudia. Ukitafuta njia ya ndani, bila kata hufiki.

Kiwanja_Kimara
Naomba na mimi: nanunua kiwanja kando ya Morogoro Road. Kipimo cha hifadhi ya barabara ni kipi? Dalali anasema mita 30.

FundiLevo
Mkuu, simama hapo hapo. Mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara ni kipimo cha kawaida cha barabara kuu kwa Sheria ya Barabara ya 2007. Kabla ya hapo ilikuwa mita 22.5. Alama za X zinazochorwa kwenye nyumba zinatoka hapo: X nyekundu maana yake umo ndani ya hifadhi ya zamani, unabomoa bila fidia, X ya kijani maana yake umekutwa ndani ya ile nyongeza ya mita 7.5, na huyo anastahili kulipwa.

Lakini Morogoro Road haifuati kawaida. Kimara Stop Over hadi Kiluvya hifadhi ilikuwa mita 121.5 kila upande, kwa sheria za tangu ukoloni, na mwaka 2017 nyumba zilizokuwa ndani ya kipimo hicho zilibomolewa, zikiwemo za ghorofa na zenye hati. Baada ya hapo ndipo ikajengwa barabara ya njia nane Kimara–Kibaha, kilomita 19.2. Dalali anayekutajia 30 sehemu ile ama hajui ama anakujua wewe.

Fanya hivi kabla hujatoa hata shilingi ya posho. Chukua ramani ya upimaji yenye namba ya kiwanja, siyo mchoro wa serikali ya mtaa. Nenda nayo ofisi ya TANROADS ya mkoa uombe uthibitisho wa mpaka wa hifadhi sehemu hiyo, kwa maandishi. Kisha mlete mpimaji apime kutoka katikati ya barabara hadi kwenye bikoni (alama za mpaka) za mbele za kiwanja. Usipime kutoka ukingo wa lami, hapo ndipo watu wengi huibiwa mita kadhaa.

Kiwanja_Kimara
Na kama kiwanja kiko ndani, mtaa wa tatu kutoka barabara kubwa?

FundiLevo
Hiyo ni ya TARURA, wakala wa barabara za mijini na vijijini, ofisi ya wilaya. Hifadhi yake ni ndogo, ila angalia mifereji: ukikuta bikoni imekaa ndani ya mfereji, usinunue.